Namtafuta babu yake babu

Najua nimepotea. Kazi za gazetini zilinibana, na nilipopata likizo ya wiki moja nikapanda basi kwenda nyumbani Tabora. Nimerudi na jambo moja linanisumbua, naomba tulijadili.

Chanzo cha safari yenyewe ni jamaa yangu mmoja Mwingereza, tuliyefahamiana kwenye semina ya waandishi. Siku moja akanitumia picha ya ukurasa wa zamani uliojaa mwandiko wa mkono. Ni sensa ya Uingereza, ya usiku wa tarehe 3 Aprili 1881. Katikati ya ukurasa yumo babu yake babu yake, mchimbaji wa makaa ya mawe kule Durham. Limeandikwa jina lake, umri wake na mahali alipozaliwa. Chini yake kaandikwa mkewe, na chini ya mkewe watoto, mmoja mmoja kwa jina. Jamaa akarudi nyuma kwenye sensa ya 1871, akamkuta mzee huyo bado kijana nyumbani kwa wazazi wake. Akaenda mbele hadi ya 1891, akakuta mtoto wa kwanza naye kaandikwa mchimbaji.

Nikabaki mdomo wazi. Huyu hakuwa bwana mkubwa. Alikuwa maskini wa kutupwa, anaingia ardhini alfajiri na kutoka mweusi jioni. Lakini kila baada ya miaka kumi karani alibisha mlangoni kwake akamwandika. Wenzetu walianza kuandika majina ya watu wote wa nyumba tangu sensa ya 1841. Makaratasi hufungiwa miaka 100, kisha hufunguliwa kila mtu asome. Ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Hata wao wana mapengo: ya 1931 iliungua moto mwaka 1942, na 1941 hawakuhesabu kabisa kwa sababu ya vita.

Basi nikajisemea, mbona na mimi nina babu yake babu? Wangu hakuchimba makaa. Alibeba mizigo. Nyumbani tumekua tukisikia hivyo tu: "Mzee yule alikuwa mpagazi, alikwenda pwani mara tatu." Mwaka huo wa 1881, wakati karani wa Durham anagonga mlango, Unyanyembe ilikuwa chini ya Mtemi Isike, Urambo alikuwepo Mirambo, na Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo unapita Mpwapwa, unakatiza Ugogo, unafika Tabora, halafu unaendelea mpaka Ujiji. Pembe za ndovu zilishuka pwani, nguo za merikani, shanga na bunduki zikapanda bara. Vyote juu ya mabega ya watu. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32, achilia mbali mkeka, chungu na posho ya mbebaji mwenyewe. Makaa ya mawe ndiyo yaliyoendesha viwanda vya Uingereza. Huku kwetu uchumi mzima uliendeshwa na shingo ya Mnyamwezi.

Nikasema ngoja nimtafute. Mimi si mwandishi wa habari bwana?

Nikaanza na sensa, kama jamaa yangu. Hapo niligonga ukuta mapema. Wajerumani walikuwa na makadirio yao. Waingereza walifanya hesabu mwaka 1921 na 1931, lakini kwa Waafrika zilitegemea sana orodha za walipa kodi na taarifa za machifu. Sensa ya kwanza iliyofanywa kitaalamu ni ya 1948, ikafuata ya 1957. Ukisoma matokeo yake utaona Wanyamwezi ni wangapi, wilaya gani ina wanaume wangapi na wanawake wangapi. Majina hakuna. Mzungu wa Durham alihesabiwa kama mtu mwenye mke na watoto. Babu zetu walihesabiwa kama magunia ya karanga.

Nikahamia kwenye vitabu vya wasafiri. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, Stanley akapita 1871, na hawakuja wenyewe, walibebewa. Speke, katika kitabu chake cha 1863, ameweka mwishoni orodha ya watu aliosafiri nao, kwa majina. Moyo ulinidunda! Lakini ukiisoma unakuta kina Uledi, kina Mabruki na kina Baraka, majina ya pwani, ya watu waliotoka Unguja, na wengi wao walipewa majina hayo utumwani. Wanyamwezi waliokodiwa njiani ni idadi tu. Livingstone alipofariki mwaka 1873, watu wake waliubeba mwili wake, wakapita nao hapa Tabora mwezi Oktoba na kufika Bagamoyo Februari 1874. Jumuiya ya Kijiografia ya London ikawatengenezea medali za fedha zipatazo 60, kila moja na jina la mhusika pembeni. Kumbe ilikuwa inawezekana! Mpagazi aliandikwa jina pale alipombeba Mzungu maarufu. Aliyebeba pembe za tajiri wa Unguja hakupata medali.

Kituo cha tatu ni kodi. Wajerumani walileta kodi ya kibanda mwaka 1897, na Waingereza wakaweka sheria yao ya kodi ya kibanda na kichwa mwaka 1922. Mtoza kodi hawezi kudai idadi, lazima adai mtu. Kwa hiyo mwanangwa wa kila kijiji alijua nani kalipa na nani kakimbia porini. Bibi yangu, yaani dada mdogo wa babu, ana kopo la chai lenye kutu, na ndani yake mna risiti ya kodi ya baba yake, imekunjwa mara nne, wino umefifia. Nimekaa nayo mkononi muda mrefu. Ndiyo karatasi ya zamani kuliko zote katika ukoo wetu, na ni ushahidi kwamba serikali ilimjua mzee kwa jina siku ilipotaka hela yake.

Babu mwenyewe alikwenda mkonge Tanga miaka ya 1950. Mnajua walivyoitwa? Manamba. Neno hilo linatokana na namba, kwa sababu kibarua wa mkataba alijulikana kwa namba yake. Na kabla yao, katika Vita Kuu ya Kwanza, makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa wakibebea majeshi ya pande zote mbili. Leo ukienda Kariakoo kununua jinzi, jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, lililotamkwa kwa lafudhi yetu. Mtaa wenye pilikapilika kuliko yote nchini una jina la wabebaji, na wabebaji wenyewe hawana majina.

Hapo nikaona nimemaliza makaratasi. Nikarudi Isevya kwa Bibi.

Nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia ukweli kuwa nataka kuandika ukoo. Akacheka. "Mjukuu wangu, umesoma mpaka chuo kikuu, unakuja kuniuliza mimi nisiyejua hata kusaini?" Kisha akaanza. Kwa saa mbili alinitajia watu vizazi vinne, nani kazaa nani, nani alihamia Urambo, nani alikufa mwaka wa njaa. Kumbe Bibi ndiye sensa yetu. Babu yake alikuwa mpagazi wa hiari, akilima masika na kusafiri kiangazi, akilipwa kwa nguo. Hilo linalingana na wanayosema wanahistoria kama Stephen Rockel, kwamba wengi wa wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliojua thamani ya kazi yao, wakigoma malipo yasipotosha. Nikajisikia fahari.

Nikauliza, "Na mkewe je? Alitoka wapi?"

Bibi akanyamaza. Akarekebisha kanga yake. "Alikuja na msafara."

"Msafara wa wapi, Bibi?"

"Wa Manyema. Hayo hayasemwi, baba. Waache wazee walale."

Wadau, nilielewa. Safari ya pili ya mzee ilikuwa ya kwenda magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na nguo alizolipwa ndizo zilizomnunua bibi yetu. Mpagazi huru, shujaa wangu wa saa nzima iliyopita, alikuwa na mtumwa ndani ya nyumba yake, na huyo mtumwa ndiye aliyenizaa mimi. Wajerumani walitoa maelfu ya hati za uhuru zenye majina. Kwa amri yao, watoto waliozaliwa na watumwa kuanzia 1906 walikuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Bibi yule hakupata hati. Alipata watoto, na watoto wakawa Wanyamwezi, na kimya kikafunika.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona tofauti yangu na yule jamaa wa Durham kwa jicho jingine. Nililalamika kwamba wakoloni hawakuandika majina yetu, na kweli hawakuandika, kwao tulikuwa mikono ya kazi na kodi. Lakini lile jina moja lililokuwa gumu kuliko yote halikufichwa na mkoloni. Tulilificha sisi, kwa aibu ambayo haikuwa yake. Aliyenunuliwa ndiye tuliyemfuta, aliyenunua tukambakiza kwenye hadithi.

Siku ya kuondoka Bibi aliniita chumbani. Akaniambia jina lake. Nimeliandika kwenye daftari, pamoja na jina la mzee, la mwanangwa wao na la kijiji. Kalitoa kwa sharti moja: lisiende kwenye intaneti mpaka yeye atakapokuwa hayupo. Kwa hiyo msiniulize. Ila mpwa wangu anayetarajiwa kuzaliwa mwaka huu, akiwa wa kike, dada yangu amekubali ampe jina hilo.

Sasa nina maombi mawili. La kwanza kwa wakubwa wa takwimu. Tarehe 23 Agosti 2022 tulihesabiwa kwa vishikwambi, tukawa watu 61,741,120. Taarifa ya mtu mmoja mmoja ni siri kisheria, na ni sawa kabisa, hakuna anayetaka jirani asome mambo yake. Lakini siri ya miaka 100 inatosha. Zitunzwe, zifungiwe, kisha wajukuu wa wajukuu wetu wafunguliwe. Wasije wakatutafuta wakakuta milioni 61 na hakuna hata mtu mmoja.

La pili ni kwako wewe unayesoma hapa ofisini, unajifanya uko kwenye kazi. Idd au Krismasi ukienda nyumbani, beba daftari, acha simu mfukoni. Muulize bibi yako majina, na usiishie kwa wanaume. Uliza wake zao walitoka wapi na walikujaje. Akinyamaza, usimlazimishe, kaa tu hapohapo kwenye mkeka. Wangu alihitaji siku nne.

Bibi yangu ana miaka zaidi ya 80. Sensa yetu haina nakala ya pili.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.