Watu Wanne Dhidi ya Vifaru: Ushujaa wa Askari wa KAR katika Mapigano ya Colito, 1941

Tarehe 19 Mei 1941, kombania mbili za batalioni ya 1/6 ya King's African Rifles (KAR), batalioni ya Tanganyika, zilikuwa zimevuka mto Bilate karibu na Colito, kusini mwa Ethiopia. Daraja lilikuwa halijajengwa, na msaada haungeweza kufika. Ghafla vifaru vya Waitaliano vikachomoza kutoka vichakani.

Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, alikuwa amemaliza makombora ya mzinga wake mdogo wa inchi 3. Alirukia kifaru kilichokuja kutoka nyuma, akafungua kifuniko chake kwa nguvu, akawapiga risasi waliokuwemo isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha kukiendesha hadi mafichoni. Aliposhindwa kuufyatua mzinga wa kifaru hicho, alishuka na kuvifuata vingine kwa miguu. Alirukia kifaru kingine na kumwua mmoja wa waliokuwemo, kisha akaangushwa na risasi za rashasha za kifaru kilichofuata. Tangazo la nishani yake ya Victoria Cross lilitolewa Novemba 1945, zaidi ya miaka 4 baada ya kifo chake.

Tangazo hilohilo lina maneno machache ambayo hupitwa haraka na wasomaji: katika kuvinyemelea vifaru, Leakey alifuatana na sajinimeja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Sajinimeja anatajwa kwa cheo, wenzake kwa neno askari tu. Hakuna jina hata moja.

Kimya hicho hakipunguzi ushujaa wa Leakey, lakini kinabadilisha maana ya tukio. Uwanja alioupita ulikuwa ukifagiliwa na risasi na mizinga, na watu hao watatu waliupita pia. Sajini alikwenda kwa hiari; kuhusu wenzake, tangazo halisemi kama waliitwa, waliamriwa au walijitolea. Kwa mwanahistoria, hilo si jambo dogo, maana kati ya utii na kujitolea ndipo hasa ushujaa wa askari wa miguu hupimwa. Ikumbukwe pia kwamba katika KAR ya wakati ule Mwafrika hakupewa kamisheni ya uafisa. Sajinimeja huyo alikuwa karibu na kilele cha vyeo alivyoruhusiwa kufikia.

Jina la Leakey, ambaye hana kaburi linalojulikana, limechongwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, Nairobi. Wale watatu wamebaki ndani ya sentensi moja ya tangazo lake.