Paul Fussell: Luteni Aliyekuwa Profesa wa Kiingereza

Paul Fussell alizaliwa tarehe 22 Machi 1924 mjini Pasadena, California, katika familia yenye uwezo. Baba yake alikuwa mwanasheria. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Pomona alipoitwa jeshini mwaka 1943. Mwaka uliofuata alipelekwa Ufaransa pamoja na Divisheni ya 103 ya askari wa miguu. Alikuwa luteni usu mwenye umri wa miaka 20, na platuni yote ilisubiri amri zake.

Usiku wa kwanza katika mstari wa mbele, Novemba 1944, kikosi chake kilikwama gizani katika msitu wa milima ya Vosges, kikalala hapo hapo. Kulipopambazuka, askari walijikuta wamezungukwa na maiti za Wajerumani, baadhi yao vijana wadogo mno. Fussell alieleza baadaye kuwa ndoto zake za ujana kuhusu vita ziliyeyuka asubuhi hiyo. Tarehe 15 Machi 1945, huko Alsace, kombora la mzinga lilimjeruhi mgongoni na pajani. Sajini wake, Edward Keith Hudson, aliyekuwa kando yake, aliuawa. Pamoja na majeraha hayo, jeshi lilimhesabu kuwa anafaa kuongoza askari katika uvamizi wa Japani, ila Japani ilisalimu amri mwezi Agosti kabla uvamizi haujaanza.

Alirudi masomoni wakati vyuo vya Marekani vimefurika wanajeshi wa zamani. Sheria iliyotiwa saini na Rais Roosevelt mwezi Juni 1944 iliwalipia karo na posho, na kufikia mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo walikuwa watu waliotoka vitani. Fussell alipata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1952 kwa utafiti wa arudhi ya ushairi wa Kiingereza wa karne ya 18. Alifundisha kwanza Connecticut, kisha Chuo Kikuu cha Rutgers tangu 1955, na mwaka 1983 akahamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikofundisha hadi kustaafu.

Kwa miaka ishirini hivi vitabu vyake vilihusu mizani, vina na waandishi wa karne ya 18 kama Samuel Johnson. Si ajabu kwamba mtu aliyeona miili ikisambaratika alivutwa na karne iliyothamini mpangilio. Kuhusu vita alinyamaza, na alipoanza kusema hakuanza na vita vyake mwenyewe.

Kitabu chake kikuu, The Great War and Modern Memory, kinachohusu Vita vya Kwanza vya Dunia, kilitoka mwaka 1975, akiwa amekitabaruku kwa kumbukumbu ya Sajini Hudson. Alikiandika wakati Marekani inapigana Vietnam, na vita hivyo havikumtoka akilini. Katika Jumba la Makumbusho ya Vita la London alisoma barua na shajara za askari wa kawaida, akazilinganisha na maandishi ya washairi waliokuwa askari, yaani Siegfried Sassoon, Robert Graves, Edmund Blunden na Wilfred Owen. Hoja yake ni kwamba Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 viliifanya kinaya kuwa njia kuu ya watu wa sasa kuyaelewa mambo, kwa sababu pengo kati ya matarajio na matokeo lilikuwa kubwa kupita kiasi. Kwa mfano, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme nchini Ufaransa, 1 Julai 1916, jeshi la Uingereza lilipata majeruhi na wafu zaidi ya 57,000, na kati yao zaidi ya 19,000 walikufa.

Mfano wake wenye nguvu zaidi ni kadi ya posta waliyopewa askari wa Uingereza. Sentensi zilikwishachapwa, askari alifuta zisizomhusu, akatia sahihi na tarehe. Akiongeza neno lolote, kadi iliharibiwa. Askari angeweza kusema kuwa ni mzima au yuko hospitali, lakini haikuwapo nafasi ya kusema kuwa anaogopa. Ni jicho la mhakiki wa fasihi lililoona uzito wa karatasi hiyo ambayo wengine waliipita.

Kitabu kilipata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 1976. Wanahistoria wa kijeshi walikikosoa, na kwa haki: kinategemea mno maofisa wasomi wa Uingereza na mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Vita hivyo hivyo vilivyopiganwa Tanga na Taveta haviko katika picha yake.

Mwaka 1981 alizusha ubishi mkali kwa makala ya kutetea bomu la atomu, akisema kwa niaba ya askari waliokuwa wakingojea kufa Japani. Utetezi huo unaeleweka kwa mtu wa hali yake, ingawa hauwajibu raia wa Hiroshima. Katika Wartime, cha 1989, alipinga vikali tabia ya kuvipamba Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1996 akatoa tawasifu yake, Doing Battle. Alifariki tarehe 23 Mei 2012 huko Medford, Oregon, akiwa na umri wa miaka 88.