Hirizi na Kidani

Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, mjane aliyeugua mwaka mzima alimwita bintiye asogee, akae karibu, aje na wino na karatasi. Mama alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu. Binti, Mwana Hashima, bado umri wake mchache. Ndivyo unavyoanza utendi ambao tangu hapo umeshikwa katika nyumba za waungwana wa Pate na Lamu kama kanuni ya mke mwema: ashike dini, achunge ulimi, aombe ruhusa kabla ya kutoka, na mume akilala asimwamshe. Wasomaji wa leo wamegawanyika, wengine wanaukumbatia wote, wengine wanautupa wote. Mimi naona makundi yote mawili yameharakia amri, yakaruka beti za mwanzo, ambamo mama anasema ni kitu gani hasa anachompa mwanawe.

Anakiita majina mawili. Kwanza ni hirizi, aifunge vyema kwa uzi. Kisha ni kidani cha lulu na marijani, atakachomtungia na kumvisha shingoni. Sasa hirizi hushonewa ndani ya ngozi, na mvaaji hana haja ya kujua kilichoandikwa humo, akiifumua ameiharibu. Kidani hutungwa punje kwa punje, huvuliwa na kuvaliwa, na uzi ukikatika mwenyewe huokota lulu zake akazitunga tena. Ukifuata safari ya utendi wenyewe, umeishi kama kidani zaidi kuliko hirizi. Ulipita mkono kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, na nakala zake hazilingani ubeti kwa ubeti. Tena tusisahau ule wino: anayeusiwa hakuitwa aje na masikio tu.

Mtu atasema mama alitaka utii, si uchambuzi, na kweli maneno yake ni mazito: mume anahesabiwa pamoja na Mungu, Mtume, baba na mama katika wale ambao radhi zao lazima zitafutwe. Lakini mwenye kuusia hutazamwa pia alikotoka. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mkuu wa Siyu, mji uliokataa kumpigia magoti Seyyid Said, Sultani wa Unguja. Mwaka 1845 jeshi la Sultani lilivunjwa huko. Nyumba hiyo haikuwa na sifa ya kutii kila anayeamuru! Mataka alifariki mwaka 1856, kwa hiyo mausio ya kuomba ruhusa yalitungwa na mwanamke asiye na mume wa kumwomba, naye akawaita wanawake wote wausome. Mtafiti Ann Biersteker, mwaka 1991, alifika mbali zaidi, akauona utendi una kejeli ndani yake. Siwezi kumfuata hadi huko. Mgonjwa anayemwachia bintiye neno la mwisho simwoni akifanya mzaha. Wala kejeli haihitajiki. Mama anasimulia kwamba yeye na baba Hashima waliishi kwa furaha bila ugomvi. Huo ni ushahidi wa kweli, ila ni wa ndoa moja, na mume yule hakuwa ndiye atakayemwoa Hashima.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la dini: wasia ni amana, haukatwi vipande. Hapa sheria yenyewe inajibu. Katika fikihi ya Kishafii, inayofuatwa pwani hii, wasia wa mali una mpaka wa theluthi. Ukizidi hapo, warithi ndio wenye hiari ya kuuridhia au kuukataa. Ikiwa marehemu hatawali mali yake yote baada ya kufa, sioni kwa nini maneno yake yapewe mamlaka makubwa kuliko shamba lake la minazi. Waliougeuza utendi huu kuwa hirizi ni watu wa baadaye. Alice Werner na William Hichens walipouchapa mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa jina linalosema ni wasia juu ya wajibu wa mke. Jina hilo halina nafasi ya zile beti nyingi za mwisho, ambamo mama anaacha kumwelekeza binti, anamgeukia Mola, na kumwombea yeye, nduguze, na mwili wake mwenyewe uliochoka.