Abulqasim Azzahrawi na Elimu ya Ukunga

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zangu Waislamu, katika Sura ya Maryam twaarifiwa kuwa Bibi Maryam, aliposhikwa na utungu, aliliendea shina la mtende. Tangu kale mwanamke mwenye utungu hutafuta pa kujishika na namna ya kuuweka mwili wake, na katika jambo hilo Waislamu wana tarikhi yao.

Abulqasim Azzahrawi, tabibu wa Andalus, alizaliwa karibu na Cordoba kiasi cha mwaka 936, akafariki mwaka 1013. Kitabu chake, Attasrif, kina makala 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Humo aliwafundisha wakunga la kufanya mtoto anapotanguliza miguu au mkono. Miongoni mwa aliyoyaeleza ni mama kulazwa chali, miguu ikining'inia. Kwani hapo mifupa ya nyonga hujigeuza kidogo, na mlango wa juu wa njia ya mtoto hupata nafasi. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini mjini Toledo. Mwaka 1889 tabibu Mjerumani, Walcher, akaueleza mlalo huo, nao ukaitwa kwa jina lake.

Elimu haikukomea hapo. Mwaka 1976 mkunga wa Marekani, Ina May Gaskin, alianza kueneza njia iliyotoka kwa wakunga wa Guatemala: bega la mtoto likikwama, mama hupiga magoti na kutua mikono chini. Mwaka 1983 ikaandikwa njia ya McRoberts, ambayo mama hulala chali na mapaja yake hukunjwa sana kuelekea tumboni, ili bega lipate kupita chini ya mfupa wa kinena.

Tuzingatie, basi. Azzahrawi, pamoja na ubingwa wake, hakuwadharau wakunga, bali aliwaandikia. Wala hakuona aibu kuyataja mambo ya uzazi, kwa kuwa ndani yake mna roho mbili. Bega likikwama, muda uliopo ni dakika chache tu, na mkono usiofunzwa hauwezi kuokoa. Haya ni pambo la muumini, lakini isiwe sababu ya kumweka mama nyumbani mpaka akafa. Tuwasomeshe binti zetu ukunga, na mwenye utungu tumpeleke mapema kwa aliyefunzwa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu na watoto wao. Amin.