Mwezi wa Hernandez

Wako wadhanio kuwa kupiga picha si kazi: mtu hubonyeza, basi. Wengine husema kinyume chake, ya kwamba picha njema ni ilhamu tupu, humshukia mtu pasipo yeye kujua. Kisa cha Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani aliyefariki mwaka 1984, chazikataa kauli zote mbili.

Jioni moja ya mwaka 1941 alikuwa akirejea Santa Fe kwa gari, yeye na mwanawe na rafiki yao, baada ya siku isiyompa picha ya kumridhisha. Kando ya njia akakiona kijiji cha Hernandez: mwezi umepanda juu ya milima yenye theluji, na jua la machweo likimulika misalaba meupe ya makaburini. Akafunga breki, nusura gari liingie mtaroni, akawapigia kelele wenziwe wamletee vyombo.

Kamera yake ilikuwa ya filamu ya inchi 8 kwa 10, dubwana lisilotegeka kwa pupa. Na kipima mwanga hakionekani! Jua lazama. Hapo akakumbuka kuwa mwangaza wa mwezi ni mishumaa 250 kwa futi mraba. Akapiga hesabu kichwani, akafungua lenzi sekunde moja. Alipogeuza filamu apige ya pili kwa tahadhari, mwanga ulikwisha toka makaburini.

Bahati? Wangapi walipita njia ile! Lakini hesabu ya mwezi aliihifadhi kifuani yeye, wala hakuipata siku ile. Alianza kupiga picha mwaka 1916, naye ana umri wa miaka 14, na si muda mrefu kabla ya jioni ile alikuwa ametunga, pamoja na Fred Archer, utaratibu wa kupima mwanga na vivuli.

Kazi nayo haikuishia njiani. Ardhi ya mbele ilitoka hafifu, hata mwaka 1948 akaitia filamu dawa kuipa nguvu sehemu ile. Aliisafisha picha hiyo zaidi ya mara 1,000, na kila miaka ikipita akizidisha weusi wa mbingu.

Ajabu ni kuwa aliyekumbuka hesabu ya mwezi alisahau tarehe, akiandika mara mwaka huu, mara ule. Mwaka 1991 elimu ya nyota ndiyo iliyoitoa katika picha yenyewe: 1 Novemba 1941, saa 10 na dakika 49 alasiri.