Hitilafu ya umeme katika pikapu kuukuu

Hitilafu ya umeme katika pikapu kuukuu hutokea umeme unaposhindwa kukifikia kifaa, unaposhindwa kurudi kwenye betri, au unapovuja gari likiwa limezimwa. Pikapu nyingi za miaka ya 1980, Toyota Hilux zikiwamo, hutumia volti 12 na hazitegemei kompyuta, hivyo multimita na taa ya kupimia humtosha fundi.

Huanzwa na betri. Iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi; injini ikiunguruma, kipimo hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Kisipopanda, alteneta haichaji, na betri mpya nayo itakwisha vilevile.

Kinachosahaulika zaidi ni ethi. Umeme hurudi kwenye betri kupitia bodi, chesisi na injini. Sehemu ya mizigo hufungwa peke yake juu ya chesisi, na bolti zake hupigwa na tope, mvua, na huko pwani, chumvi. Kutu ikiingia, taa za nyuma huanza vituko: ukiwasha indiketa, taa ndogo ya upande huohuo nayo inapepesa, kwa sababu umeme uliokosa njia ya kurudi unapenya kwenye balbu jirani. Hapo wengi hubadili balbu, kisha relei, kisha swichi, na mwenye gari hulipia vyote bure.

Ethi ipimwe umeme ukiwa unapita. Multimita ikiwa kwenye volti, waya wake mmoja uguse ncha hasi ya betri yenyewe, si kibanio chake. Wa pili uguse chuma cha injini, na mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, waya wa ethi au maungio yake hayafai. Kupima ukinzani gari likiwa limezimwa hudanganya: waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utaonekana hauna neno, ilhali stata hudai zaidi ya ampea 100. Ukinzani wa omu 0.01 tu, zikipita ampea 150, humeza volti 1.5. Dawa ni kufungua bolti, kupiga msasa hadi chuma king'ae, kukaza na kupaka grisi kwa juu.

Betri ikilala nzima na kuamka imekufa, zima kila kitu, chomoa waya wa hasi, na uunganishe multimita ya ampea kati ya waya huo na ncha hasi ya betri, bila kupiga stata. Zaidi ya ampea 0.05 ni uvujaji. Chomoa fyuzi mojamoja mpaka kipimo kishuke. Kisiposhuka, kagua alteneta, ambayo waya wake mkubwa haupiti kwenye fyuzi hizo.

Fyuzi ya ampea 15 iliyokatika irudishiwe ya 15. Ikikatika tena, mara nyingi kuna waya uliochubuka unaogusa bodi. Kuweka ya 30 au kipande cha waya badala yake kunaweza kuliteketeza gari.