Pete ya Dhahabu ya Wachamu

Pete ni kitu kidogo, hata mtoto aweza kuificha mkononi. Lakini pete ya kale ya Wachamu yatukumbusha ufalme mzima.

Wachamu ni watu wa Vietnam, upande wa kati na wa kusini. Zamani nchi yao iliitwa Champa. Wafalme wao walifuata dini ya Kihindu. Tangu karne ya 4 walijenga mahekalu huko Mỹ Sơn kwa heshima ya mungu wao Shiva. Merikebu za wageni zilipita pwani yao kununua udi na pembe za ndovu, nao wakatajirika.

Mafundi wao walijua sana kazi ya dhahabu. Walitengeneza pete, wakatia kito juu yake. Pete nyingine zina sanamu ndogo ya Nandi, yule ng'ombe wa Shiva, amelala.

Je, mali hiyo iliwaletea amani? Hata kidogo! Mwaka 446 askari wa China waliteka mji wao mkuu, wakayeyusha sanamu za dhahabu. Mwaka 605 wakarudi, wakachukua vibao 18 vya dhahabu vya ukumbusho wa wafalme. Mwaka 918 mfalme Indravarman alisimamisha sanamu ya dhahabu ya mungu wa kike huko Nha Trang. Wakhmer, jirani zao, wakaja kuinyang'anya. Mwaka 965 ikawekwa nyingine mahali pake, lakini safari hii ya jiwe. Mwaka 1471 Wavietnam waliteka mji wa Vijaya, na mwaka 1832 mabaki ya ufalme yakakoma. Wachamu wenyewe wapo hata leo.

Basi, vitu vikubwa vingi vya dhahabu viliyeyushwa au kuchukuliwa. Pete zilizofukiwa ardhini zilisalimika, kwa kuwa adui hakuziona.

Lakini siku hizi pete hizo zina adui mwingine, ndiye mchimba hazina. Huyu huchimba kwa siri, akauza upesi. Mnunuzi hupima uzito wa dhahabu na kutazama kito. Ukimwuliza, "Pete hii ilitoka wapi? Ilikuwa pamoja na vitu gani?" hana jibu. Pete ni nzima, lakini habari zake zimepotea, na hakuna fundi awezaye kuzirudisha. Kwa hiyo anayekuta kitu cha kale ardhini asikiondoe. Awaite kwanza wenye elimu ya mambo hayo, wakione mahali pake.